Mashine ya kupiga msasa kwa kabati na meza: uanze na ipi?

Mbao kavu inaficha mengi. Unapiga msasa, unapangusa vumbi, unapitisha kiganja, mlango ni laini kama sahani. Ukipaka mkono wa kwanza wa vanishi ndipo vijiduara vinaibuka, vimejikunja kama jongoo aliyeguswa, na mikono mingine ya vanishi haivifuniki. Mlango wangu wa kwanza wa mninga ulinitokea hivyo. Nilikwangua vanishi yote nikaanza upya, mteja akisubiri. Kwa hiyo nikiulizwa mashine ipi inunuliwe kwa kumalizia samani, sianzi na wati. Naanza na alama itakazoacha.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya duara ya inchi 5, ile ambayo sahani yake ya kubandikia msasa inazunguka na kuyumba kwa wakati mmoja. Chembe ya msasa hairudii njia ileile, kwa hiyo mikwaruzo inakuwa mifupi na imetawanyika, hata pale mbao ya wima ya mlango inapokutana na ya mlalo na nyuzi zinabadili mwelekeo. Angalia mambo mawili: swichi ya kupunguza spidi, na upana wa myumbo. Myumbo wa milimita 2 hadi 3 ni wa kumalizia; wa milimita 5 unakula haraka lakini alama zake ni kubwa. Makita BO5031 ina wati 300, myumbo wa milimita 2.8 na spidi ya mizunguko 4,000 hadi 12,000 kwa dakika. Hiyo ndiyo ningemshauri mtu anayekula kwa kazi hii. Bosch GEX 125-1 AE, ya wati 250, iko karibu nayo sana. Mwenye bajeti ndogo atazikuta za Ingco na Total. Kabla ya kulipa aulize kama sahani ya akiba inapatikana, maana velkro yake, ile inayoshika msasa, ndiyo inayokufa mapema, hasa kwa anayekandamiza.

Na tafadhali usikandamize. Uzito wa mashine unatosha. Ukiilalia, sahani inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka mahali pamoja, na wale jongoo wanarudi. Iweke juu ya mbao ndipo uwashe, kisha itembeze taratibu kuliko unavyotamani.

Ya pili ni mashine ya mraba inayotumia robo ya karatasi ya msasa. Bei yake ni nafuu, na karatasi unakata mwenyewe: karatasi ya kawaida ya milimita 230 kwa 280 inatoa vipande vinne. Inafika kwenye kona za mlango wa paneli ambako duara haliingii. Inakwenda polepole, lakini kama kazi yako ni kabati za jikoni zenye fremu nyingi, utaishika kila siku.

Ya mkanda naiweka ya tatu. Makita 9403, wati 1,200 na mkanda wa milimita 100 kwa 610, inasawazisha meza ya mbao zilizoungwa kwa muda mfupi. Ubao wa vena, yaani uliobandikwa ngozi nyembamba ya mbao juu, usiusogelee nayo kabisa. Vena nyingi hazifiki milimita 1, na kufumba na kufumbua umeona gundi. Ya pembetatu ni ya miguu ya viti na mianya, subiri kazi hiyo ije. Grenda yenye msasa, ambayo tumezoea kuiona karakana nyingi, haina nafasi kwenye orodha hii. Inachimba mabonde ambayo jicho halioni mpaka mwanga wa dirisha upige pembeni.

Soma kibati cha mashine. Umeme wetu ni volti 230, na mashine ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka bila transfoma inaungua.

Bakiza pesa ya msasa mzuri na barakoa. Nenda namba 80, 120, 180, umalizie 220, bila kuruka. Mimi huchora mistari ya penseli juu ya ubao kabla ya kila namba. Mistari ikiisha yote, nabadilisha. Kati ya mikono ya vanishi tumia 320 kwa mkono. Vumbi usilidharau: wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani, na la mvule linawasha ngozi na kubana kifua. Mashine isiyo na mfuko wa vumbi wala mdomo wa kuunganisha vakyum, iache dukani.

Ukienda kununua, beba kipande cha mninga kilichopigwa randa. Omba uwashiwe mashine, piga kwa dakika 2 kwa msasa wa 180, kisha kifute kwa kitambaa chenye thina kidogo na ukiinamishe kwenye mwanga. Ukiviona vijiduara, omba wakujaribishie nyingine.