Suti ya sufu kwenye joto na unyevu, uzoefu wangu

Najua wengi watabisha ila nasema hivyohivyo, suti inayonisaidia kuliko zote kwenye joto lenye unyevu ni ya sufu. Sio ile sufu nzito ya baridi, naongelea sufu ambayo nyuzi zake zimesokotwa sana kabla ya kufumwa, alafu ikafumwa kwa nafasi, uzi mmoja juu mmoja chini. Ukiinyanyua mbele ya taa unaona mwanga unapita kwenye vitundu vidogodogo, na ukiweka mdomo ukapuliza, pumzi inatokea upande wa pili. Waingereza wana kitambaa cha hivyo kinaitwa Fresco, na wafumaji wengine wana vya aina hiyohiyo kwa majina yao.

Kilichonishangaza ni kwamba sio chepesi sana, ni kama gramu 250 hadi 280 kwa mita, na nimeshawahi kuvaa suti nyembamba kuliko hiyo ya poliesta ikanichemsha vibaya mno. Poliesta hainywi jasho karibu kabisa, kwahiyo jasho linabaki mwilini na shati linakugandia mgongoni, na harufu nayo ndo haitoki. Sufu inaweza kunywa unyevu kama asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaanza kuisikia imelowa. Lakini kwenye unyevu mkali hewa yenyewe imeshajaa maji na jasho linakauka taratibu, so kunywa jasho peke yake hakutoshi, lazima upepo upite ndani ya nguo, ndo maana mi naangalia ufumaji kwanza kabla hata sijauliza ni kitambaa gani.

Na hapa wauzaji wanawachanganya sana watu na zile namba, Super 120, Super 150. Hiyo namba inaeleza wembamba wa unyoya wa sufu, haihusiani na ubaridi, na zile namba kubwa kubwa zinajikunja haraka na kuchakaa mapema.

Kitani nakipenda, kinapitisha hewa vizuri kabisa, ila ukikaa kwenye gari tu unashuka umejaa mikunjo, kama kazini kwako hilo ni tatizo basi. Ukikitaka chukua kizito kidogo, kinaning'inia vizuri kuliko kile chembamba. Pamba ya kawaida ya suti sikushauri, inalowa alafu inachelewa kukauka, labda ile yenye mistari iliyovimbavimba maana hailali yote kwenye ngozi.

Sasa bitana jamani. Hii watu wanaisahau kabisa, unanunua kitambaa kizuri alafu ndani fundi anakuwekea bitana ya poliesta koti zima, hewa itapita wapi? Koti langu lina bitana mabegani na mikononi tu, ya viskosi ili mkono uteleze, mgongo wote uko wazi. Fundi anaweza kulalamika kwasababu mishono ya ndani inaonekana na inabidi aimalizie kwa usafi, kazi inakuwa kubwa kuliko kuweka bitana, usikubali akugeuze. Muulize pia kama kile kitambaa kigumu cha ndani kifuani anakibandika kwa gundi, maana ule ubandikaji nao unazuia hewa, bora kile cha turubai kinachoshonewa.

Ubaya wa hii sufu upo. Kitambaa kinakwaruza kidogo, mapajani hasa, kwahiyo kwenye suruali niliwekewa bitana nyepesi mbele hadi magotini na ikaisha hiyo. Na kwa vile kimefumwa kwa nafasi ukikwama kwenye msumari uzi unavutika, angalia sana. Ila mikunjo ni uongo, nikirudi naitundika penye hewa, asubuhi imenyooka yenyewe, pasi naigusa mara chache sana.

Yangu ni bluu iliyokolea. Inayofuata nataka ya kijivu, kitambaa kilekile, ila kwapani nitamwambia fundi aache nafasi zaidi kidogo na hata mabegani asiweke bitana, ibaki mikononi tu.