Mashujaa wanne wenye dosari, na kwa nini Brutus ananikera kuliko wote

Nimesoma kwa mfululizo tafsiri nne ambazo watu huzitaja kuliko wanavyozisoma: Juliasi Kaizari ya Julius Nyerere na Makbeth ya Samuel Mushi, zote tamthilia za Shakespeare; Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles, ya Mushi pia; na Shujaa Okonkwo ya Clement Ndulute, riwaya ya Chinua Achebe. Zote zinafaa kuwa nazo kabatini. Mashujaa wake, lakini, hawalingani hata kidogo.

Macbeth simchukulii muda. Anajua fika kwamba kumuua Duncan, mfalme wake na mgeni aliyelala nyumbani mwake, ni unyama, na anamuua. Tamaa, basi. Mchezo unakwenda mbio na unatisha, ila akishawatuma watu wakamuue mke wa Macduff, mpinzani wake, na watoto, huruma yangu imekwisha. Mke wa Macbeth mwenyewe ananivutia zaidi.

Oedipus, yaani Edipode, namtetea, ingawa Aristotle alishamfanya mfano wa shujaa anayeponzwa na kosa lake. Kumuua mzee njia panda kwa hasira ni kosa, sikatai. Lakini jukwaani kinachomwangusha ni uongozi mzuri: mji una tauni, ameapa kumfichua muuaji wa Laius, mfalme aliyemtangulia (kumbe ndiye mzee yule), na haachi kuuliza hata mkewe Jocasta anapomsihi aache. Kiongozi mbovu angemnyamazisha mchungaji anayeijua siri, mambo yakaishia hapo.

Okonkwo anaendeshwa na hofu ya kufanana na baba yake, Unoka. Mzee Ezeudu alishamwonya asiwe na mkono katika kifo cha Ikemefuna, kijana anayemwita baba na ambaye imeamuliwa auawe. Anakwenda, na kijana anapomkimbilia, anampiga panga asije akaonekana dhaifu. Macbeth angalau alipata kiti cha enzi. Huyu hakupata kitu. Hapo nilikifunga kitabu kwa muda.

Halafu Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari. Hana wivu wa Cassius, mwenzake katika njama, hatafuti cheo, na kila anapoamua kwa wema wake anaharibu. Antony, rafiki wa Kaizari, asiuawe, sisi si wachinjaji. Antony aseme mazikoni, kuna ubaya gani? Jeshi liende Philippi kupigana. Mara zote tatu Cassius, mwenye roho chafu kumshinda, anapinga, na mara zote tatu Cassius ndiye aliyeona sawasawa. Brutus hashauriki kwa sababu amezoea kuwa mwadilifu kuliko kila aliyekaa naye. Watu wa aina hii nimekaa nao vikaoni. Afadhali mla rushwa, huyo unajua anataka nini.

Tafsiri hii ya Juliasi Kaizari ilitoka mara ya kwanza 1963, Nyerere akiwa rais, na akaisahihisha ikatoka tena 1969. Kiongozi wa nchi kuhangaika mara mbili na hadithi ya kiongozi anayeuawa na wenzake! Kiswahili chake ni kizito mahali pengine, hivyo soma kwa sauti, hasa hotuba za mazikoni: Brutus anatoa sababu zake kwa ufupi, Antony anawaonyesha watu vazi lililotobolewa na wosia.

Ukitaka kimoja tu, chukua hiki, na usikiache Kaizari anapokufa katikati. Endelea hadi ugomvi wa hemani. Brutus anamkaripia Cassius kwa kula rushwa, kisha papo hapo analalamika kwamba Cassius alimnyima fedha za kulipa askari, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kuchuma fedha kwa njia chafu.