Apu za kufuatilia blogu na kutunza maidea: nimezipanga kuanzia ya kuchukua mpaka ya kukimbia

Watu wengi hapa Arusha na Moshi tunatunza maidea kwa njia mbili tu, skrinishoti na kujitumia linki WhatsApp. Sio vibaya, na tangu WhatsApp walete ile sehemu ya kujitumia meseji mwenyewe 2022 hamna tena haja ya kufungua grupu la mtu mmoja. Shida inakuja siku ya kutafuta. Fundi cherehani wa Majengo ana picha kibao kwenye galari, humo humo kuna risiti, watoto, vichekesho vya magrupu, alafu mteja anaingia na kitenge chake anasema dada nataka ule mshono wa mabega ulionionyesha kabla ya Pasaka, sa hapo anaanza kuskroli, mteja amekaa, umeme hakuna na simu ina asilimia 12.

Kwa hiyo nimezipanga apu ambazo naona zinatufaa sisi, kwa simu zetu hizi za Tecno na Infinix na bando letu la kupimiana. Kitu kimoja kwanza, kufuatilia na kutunza ni kazi mbili tofauti. Kufuatilia ni blogu ikiandika kitu kipya ukione bila kuzunguka kila tovuti, kutunza ni ulichokipenda ukikute mwakani. Apu nyingi zinadai zinafanya vyote viwili, na nyingi zinafanya kimoja vizuri na kingine hovyo, so mi nashauri uchukue moja moja.

Kabla hujaangalia bei angalia namna ya kutoka. Nasema hivi sababu hizi apu zinakufa aisee, tena zinakufa zile zinazopendwa. Google Reader, apu ya kufuatilia blogu, ilianza 2005, watu wakajaza humo kila kitu chao, Julai 2013 Google wakaifunga. Omnivore, ya kutunza makala, ilikuwa bure na nzuri kweli, Novemba 2024 ikafungwa baada ya timu yake kuchukuliwa na ElevenLabs, kampuni ya sauti za akili bandia. Pocket, nayo ya kutunza makala, ndo iliuma wengi, hiyo ilikuwepo tangu 2007 enzi ikiitwa Read It Later, Mozilla wenye brauza ya Firefox wakainunua 2017, na Julai 2025 wakaizima, watu wakapewa miezi kadhaa tu ya kuhamisha vitu vyao. Bado kuna makala za zamani huko mtandaoni zinakwambia pakua Pocket, usihangaike. Apu isiyokuruhusu kutoka na vitu vyako ni kama nyumba ya kupanga ambayo ufunguo wa geti anakaa nao mwenye nyumba. Kwa apu za blogu tafuta sehemu imeandikwa OPML, hilo ni faili dogo lenye orodha ya blogu zako zote, unalitoa huku unaliingiza kule na hujapoteza kitu. Kwa apu za kutunza linki tafuta kama inatoa faili la HTML au CSV, yaani orodha ya linki zako ambayo apu nyingine inaweza kuisoma. Ukikosa kabisa, pita mbele.

Haya, kufuatilia.

Hizi apu zinatumia RSS, yaani blogu yenyewe inatoa orodha ya machapisho yake mapya na apu inakwenda kuichungulia. Huhitaji kujua zaidi ya hapo ila kuna ujanja mmoja wa kukariri. Blogu nyingi za Kibongo zipo Blogspot tangu zamani zile, blogu ya Michuzi ya 2005 na waliomfuata wengi wakajenga humo humo. Kwa Blogspot ukibandika anwani ya blogu kwenye apu ikagoma, ongeza mwishoni mwake /feeds/posts/default, kwa zile za WordPress ongeza /feed, mara nyingi inakubali. Chaneli za YouTube nazo zina RSS. Instagram na TikTok hawatoi, usimsikilize mtu anayekuuzia apu kwa kusema inafuatilia kila kitu.

Namba moja naiweka Feeder, ile ya Android. Ni bure, haina matangazo, haikuombi akaunti wala imeili, orodha yako inakaa kwenye simu yako na OPML inatoa na kuingiza. Ila kilichonifanya niiweke juu ni bando. Kwenye setingi unaiambia ishushe vitu ukiwa kwenye waifai tu, na unaweza kuiambia ivute makala nzima badala ya kipande cha mwanzo. Maana yake asubuhi ukiwa ofisini au pale unapopata waifai ya mtu inashusha, jioni uko kwenye Coaster ya Moshi unasoma bila kuchoma MB. Kwa guide ndo zaidi, ukishaingia mbugani mtandao ni wa kubahatisha, ila ulichoshusha unacho, wageni wamelala we unasoma zako kuhusu ndege. Ubaya wake ni kwamba ipo kwenye simu tu, ukiipoteza simu na hukutoa OPML umeanza upya. Kwa iPhone haipo, wenye iPhone chukueni NetNewsWire, nayo ni bure na haina longolongo.

Namba mbili Inoreader. Hii ni kwa mtu anayetumia simu na kompyuta vyote viwili, kwa mfano yule dada wa kampuni ya utalii pale Njiro anayetakiwa kila wiki kuandika kitu cha ukurasa wa kampuni, anafuatilia blogu za wasafiri za Ujerumani na Uingereza ili ajue wageni wanauliza nini. Ukisoma kwenye kompyuta, kwenye simu inajua umeshasoma. Bure unapewa vyanzo 150, yaani blogu au tovuti unazofuatilia, matangazo yapo, yanavumilika. Uwezo wa kutengeneza RSS kwa tovuti isiyo nayo ni wa wanaolipia. Kuna wadau wanalalamika ina vitufe vingi mno na kweli vipo, mi naona ukishaizima nusu yake inatulia.

Tatu ni Feedly, ndo maarufu kuliko zote na ndo utakayoambiwa na kila mtu. Inapendeza kwa macho, kuanza ni rahisi, hata mama yangu mkubwa angeiweza. Lakini bure ni vyanzo 100 na mafolda 3, na hayo mafolda matatu yanabana haraka kuliko unavyodhani, mpishi wa keki akiweka la keki, la mapambo na la biashara tayari limeisha. Pia siku hizi nguvu zao wamezipeleka kwa makampuni makubwa, mambo ya akili bandia na usalama wa mitandao, sisi wa blogu za mapishi hatuko mbele kwenye foleni yao. Kama unayo na inakutosha, kaa nayo.

NewsBlur ni nzuri, bure ni tovuti 64, kulipia ni dola 36 kwa mwaka, mi siioni sababu ya kuilipia wakati Inoreader ya bure inatoa zaidi. The Old Reader ni kwa waliolia Google Reader ilipozimwa.

Sa kutunza, huku ndo kuna utamu na ndo watu wanapoteza hela.

Raindrop.io, bila kusita. Linki unazosevu hazina kikomo kwenye ya bure, mafolda unatengeneza unavyotaka, kila kitu kinakuja na picha yake ndogo kwa hiyo unatambua kwa jicho, unaweka tagi, yaani neno la kukusaidia kukitafuta baadaye, na inakaa simu, kompyuta na brauza. Kwenye simu ukiwa umefungua kitu unabonyeza kushea, unachagua Raindrop, unachagua folda, imeisha. Ushauri wangu wa tagi: andika kwa lugha unayotafutia kichwani. Yule fundi aandike "mabega" na "kitenge" na "sendofu", asiandike maneno ya kizungu ya kwenye picha, maana siku mteja amekaa hatayakumbuka. Linki zote zinatoka kwa HTML au CSV.

Ila elewa kitu hapa, Raindrop ya bure inatunza linki, haitunzi makala yenyewe. Mwenye blogu akifuta na wewe umefuta. Nakala ya kudumu ni ya wanaolipia, kama dola 3 hivi kwa mwezi. Kama hutaki kulipa, kile kitu cha muhimu sana kibandike web.archive.org kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa, ni bure na unapata anwani ya ile nakala, hiyo anwani ndo unaisevu. Hii nawaambia hasa wakulima, zile makala za parachichi na kahawa zinapotea ovyo, blogu inaacha kulipiwa jina na yote yanaondoka nayo.

Instapaper inafuata, na hii ni ya wasomaji. Ipo tangu 2008. Yenyewe inachukua maandishi ya makala, inatupa matangazo na vikorombwezo vyote, inaweka kwenye simu unasoma bila mtandao. Waliofiwa na Pocket wengi wamekimbilia huku na wana haki. Ya bure inatosha, kutafuta neno ndani ya makala zote ndo wanataka dola 5.99 kwa mwezi. Kwa picha haifai kabisa, fundi na mpambaji wa harusi wasiiguse.

Hao waende Pinterest. Najua watu wanaidharau eti ya kupendezesha macho, ila kwa mishono, nywele, keki na mapambo ya kumbi hamna inayoifikia, na bodi, yaani folda lako la picha humo, unaweza kuifanya ya siri kwa hiyo mshindani wako wa pale Soko Kuu haoni unachopanga. Ujue tu mambo mawili. Kutoka na vitu vyako sio rahisi, na inakula MB kama haijali, kwa hiyo mishono ile unayoitumia kazini kila siku ishushe kabisa kwenye folda lake la simu.

Google Keep ni bure, nyepesi, inafaa kwa idea ya ghafla, sauti, orodha ya vitu vya sokoni, na ukipiga picha ya bango inaweza kukutolea maandishi yake. Kwa linki nyingi inakuwa fujo. Notion, ya kuandika noti na kurasa zako, ni bure kwa mtu mmoja, inapendeza kwenye kompyuta, kwenye simu ndogo ya RAM ya kubana ni mateso, na utajikuta unapamba kurasa badala ya kufanya kazi. Readwise Reader ni tamu kweli, inachanganya kufuatilia na kutunza na yenyewe inaweza, lakini ni karibu dola 10 kwa mwezi tena ukilipia mwaka mzima, hiyo ni kama 25,000 na bando hujanunua.

Mwisho kabisa Evernote. Ilikuwa mfalme, ila tangu Desemba 2023 ya bure inakupa noti 50 na daftari moja. Noti hamsini! Mpishi anamaliza hizo kabla ya mfungo kuisha.

Mkilipia chochote hapo, zile kadi za mtandaoni unazotengeneza ndani ya M-Pesa au Airtel Money ndo njia nyepesi kwa asiye na kadi ya benki. Chagua kulipa kwa mwezi kwanza hata kama ya mwaka ina punguzo. Na majaribio ya bure yanayoomba kadi mwanzoni yanaanza kukata yenyewe siku zikiisha, kwa hiyo siku hiyo hiyo unayojiunga ingia kwenye akaunti uzime kujirudia kwa malipo, nyingi zitakuacha uendelee kutumia mpaka muda wa jaribio uishe.