Baiskeli ya mtumba ya Kijapani, gia 6: inaiweza Mikindani na barabara ya Newala?

Wadau, karibuni. Wakubwa, shikamooni. Hii hapa mbele yenu ni baiskeli ambayo ukienda kwa wauza mitumba Mtwara huikosi: ya Kijapani, ya mjini, kikapu mbele, keria nyuma, stendi ya miguu miwili, gia 6. Rangi yake sina habari nayo. Naipima kwa kazi moja tu: ikutoe mjini asubuhi, ikupitishe barabara tulivu zenye kupanda na kushuka, ikufikishe kwenye mji wa kale, ikurudishe bila wewe kuisukuma.

Sasa njia zenyewe. Mikindani ni kama kilomita 10 kutoka mjini, lami tupu. Ule mji unakubali baiskeli kuliko gari: vichochoro vyembamba, nyumba za mawe, milango ya nakshi, na kilimani Boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo siku hizi ni hoteli. Hapo ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Wengi wakifika hapo wanataka kuunganisha mpaka Lindi. Mimi siwashauri wanaoanza. Mbele ya Mikindani unapanda, na kuna malori ya saruji ya kiwanda cha Dangote pale Msijute, ongeza na ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini kutoka Ruvuma. Lori likikupita kwa kasi, upepo wake unakusukuma pembeni kwanza, kisha unakuvuta upande wake. Anayeendesha kwa mkono mmoja huku anakunywa maji hapo ndipo anapoanguka.

Utulivu uko barabara ya Newala: Naliendele kwenye utafiti wa korosho, Nanguruwe, hadi Mnivata, kilomita 50 za lami. Mikorosho kushoto, mikorosho kulia, barabara inapanda taratibu kuelekea uwanda wa Makonde, inashuka kidogo, inapanda tena. Ukitaka kuvuka Mnivata kwenda Tandahimba, waulize kwanza madereva stendi kuhusu hali ya barabara, maana huko kuna ujenzi na leo si sawa na mwezi ujao.

Haya, turudi kwenye chuma. Sogeza kamera kwenye gia. Mbele kuna sahani hii moja tu, ina meno 33. Nyuma sahani ndogo kabisa ni 14, kubwa ni 28. Ukiwa kwenye 28, pedeli ikizunguka mara moja unasogea kama mita 2.6. Ukiwa kwenye 14, kama mita 5.2. Chukua Phoenix, ile ya gia moja, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma: kila mzunguko karibu mita 5 na nusu, upende usipende. Ndiyo maana mwenye Phoenix anashuka kusukuma na wewe unapita umekaa kitini. Ila ukikuta ya Kijapani yenye gia 3 za ndani ya haba, yaani kitovu cha gurudumu, usiikatae kwa sababu namba ni ndogo. Hiyo haili vumbi kama hii. Shida ni siku itakapoharibika: fundi wa kuifungua huyo utamtafuta.

Tairi ndipo penye mambo, tulieni hapa. Soma ubavuni: 27 x 1 3/8, na pembeni maandishi madogo 37-630. Hizo namba ndogo ndizo za kweli. 37 ni upana kwa milimita, 630 ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Tairi la Phoenix, lile la 28 x 1½, ni 40-635. Baiskeli za mashindano na nyingi za Ulaya ni 622. Kwa macho zote zinafanana! Sasa muuzaji anakwambia, "Chukua hii ya ishirini na nane, inaingia." Inaingia kweli, tena kirahisi, maana ni kubwa kwa milimita 5. Unajaza upepo, waya wa tairi haukamati ukingo wa rimu, tairi linapanda upande mmoja, tyubu inachungulia, na inapasuka. Ikikusubiri ipasuke ukiwa kwenye mteremko, hilo ni jambo lingine. La 622 kwenye rimu hii haliingii hata mkilivuta watu wawili.

Kwa hiyo kabla hujalipa baiskeli, mwulize muuzaji kama anazo tairi za 37-630 na uondoke na moja ya akiba. Akisema hana, na hujui pa kuzipata, bora uchague yenye rimu za Phoenix au ya nchi 26 ambayo tairi zake umeziona dukani kwa macho yako. Na kwenye 26 pia soma namba: 590 ni ya mjini, 559 ni ya milimani, haziingiliani.

Upepo. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la upana huu, nyuma weka 55 hadi 60, mbele 45 hadi 50, kwa kipimo cha pampu cha psi. Ukilegeza sana, ukikanyaga shimo rimu inabana tyubu na kuacha matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona hayo usitafute mwiba, ongeza upepo. Tundu moja ndiyo mwiba, na kabla ya kubandika kiraka pitisha vidole taratibu ndani ya tairi uutoe, la sivyo utabandika tena mbele ya safari.

Sasa angalia valvu. Hii si ya gari. Ni ya kizamani, ndani ina kimpira kidogo kama sentimita 2 kinachovikwa kwenye chuma chenye tundu. Baiskeli imekaa kontena, imekaa ghala, kimpira kimekauka. Upepo unatoka usiku kucha, asubuhi fundi anatoa tyubu nzima kutafuta pancha ambayo haipo. Weka mate juu ya valvu. Povu likitokea, fungua nati, vua kimpira, vika kipya, dakika 2 umemaliza. Nunua vimpira vitano uviweke kwenye mfuko wa spana.

Breki ya mbele ni ya mipira, ya kawaida: ikiisha mistari yake, badilisha. Ya nyuma ni ya mkanda, iko ndani ya hiki kisahani pembeni mwa haba. Ikipiga kelele watu wanaitia mafuta, kelele zinaisha kweli, na breki inaisha pia! Humo mafuta hayaingii. Na kwenye mteremko mrefu usiishikilie muda wote, inapata joto na kulegea. Bana, achia, bana, achia, ukigawana na ya mbele.

Ukaguzi pale kwa muuzaji. Inua gurudumu, lizungushe, tazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki: ikicheza zaidi ya milimita 3 kuna spoku zimelegea au rimu imepinda. Shika gurudumu juu, litikise kulia na kushoto, ikigonga, beringi. Kisha jaribu kushusha nguzo ya kiti. Isiposhuka imegandana na fremu kwa kutu, achana nayo, hasa kama wewe ni mrefu. Cheni ipime na rula: pini hadi pini, vipande 24, mpya ni milimita 305 hivi. Ikifika 308 cheni imekwisha na sahani za nyuma nazo zimeliwa. Ukiweka cheni mpya juu ya sahani hizo itaruka ukisimama kwenye pedeli. Badili vyote, au punguziwa bei.

Msimu nao. Huku kwetu mvua ni kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Nzuri ni baada ya hapo. Kusi likivuma, kwenda upande wa Lindi linakusukuma, kurudi linakugomea, basi usimalize nguvu wakati wa kwenda. Ila Juni hadi Agosti wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na wanapuliza alfajiri kwa sababu upepo umetulia na umande unaishika ile poda. Ndiyo saa ile ile ya mwendesha baiskeli. Barabara ya Newala asubuhi utakuta ukungu wa salfa unavuka lami. Macho yatawaka. Vaa miwani, funga kitambaa kilicholowa, au subiri jua lipande kidogo.

Maji beba lita 3 kwa mtu. Juu ya uwanda udongo ni kichanga, mvua inazama chini, mito huioni. Chakula si tatizo: ming'oko ya kuchemsha yenye chumvi na ndimu inakupeleka mbali.

Wa Lindi mnaokaa karibu na Kilwa, mna bahati yenu: Masoko hadi Kivinje, karibu kilomita 30, mji wa kale mwisho wa safari, na baiskeli hii inatosha kabisa. Kwenda Kilwa Kisiwani unavuka kwa mashua, kibali unachukua kwanza pale Masoko.

Uamuzi wangu: kwa Mikindani na Mnivata, nunua, mradi tairi za 37-630 umeziona. Kwa mchanga wa Msimbati, hapana. Upana wa 37 unazama, hapo tafuta ya milimani yenye tairi la nchi 2.

Na ukichoka njiani ukaamua kurudi na basi, konda atataka baiskeli ilale. Ilaze upande wa gia ukiwa juu, la sivyo kile chuma cha kuhamisha cheni kitapinda. Pedeli zifungue kwa spana ya 15. Ya kulia inafunguka kama nati yoyote. Ya kushoto uzi wake ni wa kinyume, unazungusha kwenda kulia. Ukilazimisha upande mwingine unaikaza, na spana ikiteleza ni vidole vyako.