Mpira wa KONG kwa mtoto wa mbwa anayebaki nyumbani peke yake

Anayefuga mtoto wa mbwa huku analazimika kutoka asubuhi kwenda kazini hukuta katika maduka ya vifaa vya wanyama jijini Dar es Salaam jibu lililo tayari: mpira wenye uwazi ndani unaojazwa chakula, ambao mnyama ataulamba na kuutafuna hadi asahau kwamba ameachwa. Ninaouhakiki hapa ni KONG ya watoto wa mbwa, saizi ya kati, unaotumiwa nyumbani kwetu Tabata na Simba, mbwa wa kienyeji mwenye masikio makubwa kuliko busara yake. Mpira wenyewe ni mzuri na ninaupendekeza, ila faida yake kubwa kwetu imekuwa ile ambayo wauzaji hawaitaji kabisa, nami nitaieleza kwa kirefu baada ya kumaliza habari za umbo na chakula.

Kampuni ya KONG ilianzishwa mwaka 1976 huko Golden, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Mwanzilishi wake, Joe Markham, alikuwa na mbwa aliyekuwa akiharibu meno kwa kutafuna mawe, na wazo la biashara lilimjia alipomwona mbwa huyo akivutiwa na kipande cha mpira kilichotolewa kwenye gari la Volkswagen. Umbo la kipande hicho limebaki hadi leo: maviringo matatu yaliyobebana, la chini likiwa nene kuliko la juu, kiasi kwamba mpira ukiangushwa hudundia upande usiotarajiwa. Tundu kubwa la kujazia chakula liko chini. Juu kuna tundu dogo ambalo mtu anaweza kudhani ni pambo, kumbe ndilo linalopitisha hewa ili ulimi wa mnyama usinaswe ndani anapolamba kwa nguvu. Kwa hiyo mipira ya kuiga yenye tundu moja tu nisingeinunua hata ingeuzwa kwa robo ya bei.

Toleo la watoto huuzwa kwa rangi ya bluu au ya waridi, nalo ni laini kuliko jekundu la mbwa wakubwa na jeusi la watafunaji wakali. Ulaini huo una sababu. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, ambayo huanza kung'oka akiwa na umri wa miezi mitatu au minne ili kuyapisha meno 42 ya kudumu, na katika kipindi hicho ufizi humuwasha kiasi cha kutafuna miguu ya viti, kandambili na waya za feni. Mpira huu hubonyea kwa kidole gumba kisha ukarudi katika umbo lake, na Simba, ambaye amekwisha kula nusu ya ufagio wa chelewa, hajaweza kuumega.

Suala la chakula linahitaji fikra kidogo, kwa kuwa ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi za baridi haufai sana pwani. Inashauriwa kuujaza mpira na kuugandisha kwenye friza ili mnyama achukue muda mrefu kuumaliza. Katika joto la Januari na Februari mtindi mtupu hulainika mapema na kumwagika sakafuni, na sisimizi hufika kabla mbwa hajamaliza. Mchanganyiko uliotufaa zaidi ni ugali kidogo uliopondwa pamoja na boga la kuchemsha na dagaa waliorowekwa ili kupunguza chumvi, kisha ukagandishwa usiku kucha. Hata barafu ikiyeyuka, ugali hushikilia kuta za ndani na kumlazimisha mnyama kuuchokonoa kwa ulimi. Siagi ya karanga nayo hupendwa sana, lakini lebo lazima isomwe: kiongeza utamu kiitwacho zailitoli, ambacho huweza kuandikwa E967, hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla na kinaweza kumuua. Zabibu, chokoleti na vitunguu pia havina nafasi humo.

Kuna pia suala la friza yenyewe, ambalo halimo katika maelezo ya pakiti. Katika nyumba nyingi za hapa wapo wanaoyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na si haki kuwawekea kitu kilicholambwa na mbwa karibu na samaki wao. Mpira wetu una kopo lake lenye mfuniko, beseni lake la kuoshea na brashi ya chupa ambayo haitumiki kwa kitu kingine. Bila brashi hiyo ugali hubaki kwenye kona ya juu na kuchacha.

Sasa nije kwenye kumwacha mnyama peke yake. Wauzaji husema: mpe mpira, funga mlango, nenda zako. Kwa mtoto wa mbwa aliyetoka kutenganishwa na mama yake na ndugu zake, maelekezo hayo ni mafupi mno. Mnyama wa umri huo hajawahi kulala peke yake maishani mwake, na anayemfuata kila chumba hafanyi ukaidi. Anatafuta kundi lake. Mpira unapaswa kuanza kutolewa wenyeji wakiwa nyumbani, mbwa akiwa kwenye mkeka wake na mtu akiwa ameketi karibu, kisha mtu huyo akiwa chumba cha pili, kisha akiwa nje ya mlango kwa dakika moja, mbili, tano, huku akirejea kabla kilio hakijaanza. Ukitolewa tu wakati wa kuondoka, mbwa mwerevu ataanza kuusoma kama dalili kwamba anaachwa, na chakula kitamu kitageuka kuwa habari mbaya.

Hapa ndipo penye ile faida isiyotajwa, nayo ni kwamba mpira huu hupima hofu. Mbwa aliyeingiwa na woga huacha kula. Atahema, atatoka mate, atakwaruza mlango au kubweka mfululizo, lakini hatagusa hata dagaa. Ukirudi ukaukuta mpira umejaa kama ulivyouacha, usidhani kwamba hakuipenda ladha. Huenda muda wa kuachwa ulizidi uwezo wake, na safari inayofuata inapaswa kuwa fupi zaidi. Ukiukuta mtupu, na mnyama amelala, unaweza kuongeza dakika. Sijaona kifaa kingine cha bei hii kinachotoa jibu lililo wazi namna hiyo.

Tuliweka simu ya zamani juu ya kabati ili iturekodie, na video ilituonyesha jambo ambalo mpira peke yake usingeweza kutueleza. Simba alikuwa akilamba vizuri wakati mlango ukifungwa, akaendelea kulamba wakati hatua zikishuka ngazi, lakini mnyororo wa geti ulipolia aliinua kichwa, pua ikiwa bado na ugali, akauacha mpira na kwenda kusimama kwenye nondo za dirisha. Alikuwa amejifunza kwamba mlango si kitu, geti ndilo linalochukua watu. Dawa yake ilikuwa kuutikisa mnyororo mara kwa mara bila mtu yeyote kuondoka, huku akipewa chakula chake, hadi sauti ile ikapoteza maana. Baada ya hapo mpira ulianza kumalizwa, na sehemu kubwa ya video ikawa ya mbwa aliyelala juu ya viatu. Usingizi huo si ajabu, kwani mtoto wa mbwa hulala saa 18 au zaidi kwa siku. Anachohitaji ni msaada wa kuivuka nusu saa ya kwanza.

Yapo mambo ambayo mpira hauwezi kuyabadili, na la kwanza ni kibofu. Kadirio linalotumiwa na wengi ni idadi ya miezi ya umri kuongeza moja, kwa hiyo mbwa wa miezi mitatu hubana mkojo kwa saa nne hivi, na hicho ni kiwango cha juu. Anayekwenda kazini Posta na kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela jioni anahitaji jirani au dada wa nyumbani atakayefungua mlango saa sita mchana. Vilevile, mbwa anayejiumiza kwa kuguguna mlango au kujiharishia kila anapoachwa anahitaji daktari wa mifugo, wala si mpira wa pili.

Kuhusu bei, ni ghali kwa kitu ambacho mgeni akikiona sebuleni atadhani kimedondoka kwenye gari bovu. Hata hivyo, vibadala vya bure vina hatari zake: chupa ya plastiki hupasuka ikawa na ncha kali, na mfupa uliopikwa huvunjika vipande vinavyoweza kutoboa utumbo. Saizi ichaguliwe kwa uzito. Ya kati imekusudiwa mbwa wa kati ya kilo 7 na 16 hivi, na mpira mdogo kuliko mdomo wa mnyama unaweza kumkaba. Kila baada ya kuoshwa, ukunjwe na kukaguliwa, na ukionyesha ufa utupwe.

Kampuni inaliweka toleo hili laini kwa mbwa wasiozidi miezi tisa. Simba anaukaribia umri huo, magego yake yamekamilika, na alama za meno zimeanza kubaki kwenye mpira. Tutanunua ule mwekundu, baada ya kumpima uzito upya.