IST Dar es Salaam kwa mtoto anayetoka mtaala wa NECTA: uzoefu wangu na udahili

Naandika kama mzazi wa Kitanzania, kwa mzazi mwenzangu ambaye mtoto wake anasoma mtaala wa NECTA na anafikiria kumhamishia International School of Tanganyika. Shule naipendekeza, ila uamuzi ufanyike kabla mtoto hajamaliza Kidato cha Nne, na mkishaingia muwe tayari kwenda hadi mwisho.

Historia yake ni fupi lakini ina maana. Ilianzishwa 1963, mwaka mmoja kabla ya Muungano, ndiyo maana hadi leo inaitwa ya Tanganyika. Nchi ilikuwa imetoka tu kufuta mfumo wa kikoloni wa shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Shule ni kongwe hata kuliko mtaala inaoufundisha, ule wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate), kwa sababu shirika la IB lilianzishwa Geneva mwaka 1968.

Ni shule ya kutwa, ya wavulana na wasichana. Madarasa ya chini yako Upanga, sekondari iko Masaki. Mwenye watoto wawili wa rika tofauti anaweza kujikuta ana vituo viwili kila asubuhi. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe 2022 njia ya kati ya Upanga na Masaki imekuwa na nafuu kubwa, ila anayetoka Mbezi au Tabata foleni yake iko pale pale. Hakuna bweni la kukuokoa, kwa hiyo ulizia usafiri wa shule siku ile ile unayouliza ada. Ulizia pia ada ya maombi, maana shule za aina hii kwa kawaida haziirudishi hata mtoto akikosa nafasi, na michango ya mara moja ya kuingia, ambayo mara nyingi iko nje ya ada ya mwaka.

Upande wa nyaraka andaa cheti cha kuzaliwa au pasipoti, kadi ya chanjo, picha, na ripoti za miaka ya karibuni. Ripoti ndizo zinazowakwamisha wengi wetu. Ripoti ya kawaida ya shule zetu husema "nafasi ya 5 kati ya 48, wastani 71, aongeze bidii." Afisa udahili wa shule ya IB hawezi kuifanyia kazi hiyo. Anataka alama za kila somo, na maneno ya mwalimu kuhusu namna mtoto anavyosoma, anavyoandika na anavyoshirikiana na wenzake. Mwombe mwalimu wa darasa barua ya ukurasa mmoja yenye mambo hayo, mapema, kabla shule haijafunga kwa likizo.

Kwenye upimaji wa Hisabati na Kiingereza, watoto wa NECTA wanaweza kukokotoa. Wanapoteza alama pale swali linaposema "eleza kwa nini." Miezi michache ya kuandika hoja kwa aya kamili inasaidia kuliko kufanya mitihani kumi ya miaka ya nyuma.

Kalenda nayo ni mtego. Mwaka wa IST huanza Agosti, wetu Januari. Mtoto wa Kidato cha Nne hufanya mtihani Novemba, matokeo hutoka Januari, na Diploma ya IB, yaani ngazi ya mwisho ya sekondari, inaanza Agosti. Usisubiri matokeo ndipo uombe. Peleka ripoti za Kidato cha Tatu na cha Nne pamoja na matokeo ya Kidato cha Pili, cheti kitafuata.

Diploma ni miaka miwili na masomo sita, matatu kwa kiwango cha juu. Juu yake kuna insha ndefu ya maneno 4,000, somo la nadharia ya maarifa, na shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii. Alama kamili ni 45, na kufaulu kunaanzia 24 pamoja na masharti mengine. Aliyezoea PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) atashangaa kukuta lazima asome pia lugha mbili na somo la jamii. Mimi naona hilo ndilo bora zaidi kwenye mtaala huu.

Kiswahili chako usikiache mlangoni. IB ina Kiswahili cha fasihi kama lugha ya kwanza, na hata shule isipokuwa na mwalimu wake, mwanafunzi anaweza kukisoma kwa kujisomea akisimamiwa na shule, kwa kiwango cha kawaida. Akikichukua pamoja na Kiingereza cha kundi hilo hilo la lugha ya kwanza, akapata angalau 3 kwa kila kimoja na kutimiza masharti ya Diploma, anatunukiwa diploma ya lugha mbili. Uliza kabla fomu ya masomo haijajazwa, maana baadaye ratiba haifunguki kirahisi.

Mwisho, vyuo vya nyumbani. Mwenye cheti cha nje hupitia NECTA kupata ulinganifu kabla ya kuomba chuo. Aliyefanya Kidato cha Nne ana cheti chake tayari. Aliyeingia tangu madarasa ya chini anaweza kumaliza ngazi ya kati, ile ya kabla ya Diploma, bila cheti cha mtihani wa nje, kwani mitihani ya IB ya ngazi hiyo ni ya hiari. Kaulize shuleni na NECTA akiwa bado darasa la tisa. Na anayekatisha Diploma katikati hana tahasusi ya kurudia Kidato cha Sita. Ataanza Kidato cha Tano upya, kama atapata shule ya kumpokea.