Mazda MX-5: ya 1989 au ya sasa?

Wengi huamini kwamba gari la michezo la leo lazima liwe kubwa na zito mno kuliko mtangulizi wake. Kwa Mazda MX-5 dhana hiyo haisimami. Toleo la kwanza, NA la 1989, lina takriban kilo 950. Toleo la nne, ND lililotoka 2015, likiwa na injini ya lita 1.5 lina kilo 975 hivi bila dereva, na kwa urefu ni fupi kidogo kuliko NA. Kinachoyatenganisha ni usukani, injini, na saa utakazolala chini ya gari ukishika spana.

Kwa usukani, NA isiyo na pawa steringi haina mpinzani. Kuegesha ni kazi ya mabega, ila likishashika mwendo, tairi la mbele likianza kuteleza usukani hulegea mikononi kabla pua haijatoka kwenye kona, na unapata nafasi ya kurekebisha. ND inasaidiwa na mota ya umeme. Inakata kona upesi na kwa usahihi, lakini hiyo taarifa ya barabara inakufikia ikiwa imepungua sana.

NA ya lita 1.6 ina nguvu za farasi 115 hivi, na ND ya 1.5 ina 131. ND ya 2.0 ilianza na 160, na iliyoboreshwa mwaka 2018 ikafika 184, huku kikomo cha mizunguko ya injini kwa dakika kikipanda kutoka 6,800 hadi 7,500. Ukitaka 2.0, chukua ya baada ya maboresho hayo. Ya mwanzo inaishiwa pumzi mapema mno kwa gari la aina hii. Lakini chaguo letu ni 1.5, kwa sababu tangu mwanzo inazunguka hadi 7,500 na raha yake iko hukohuko juu.

Anayenunua NA aanze na kutu. Maji ya mvua kutoka kwenye turubai la paa hushuka kwa mifereji miwili nyuma ya viti. Ikizibwa na majani, maji huingia ndani ya kizingiti cha mlango na kukila kuanzia ndani, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Mimina nusu lita ya maji taratibu kila upande. Yanatakiwa kutoka chini mara moja. Yakisita, zibua kwa uzi mnene wa plastiki, usitumie waya maana utatoboa mfereji. Kisha pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya kizingiti. Mahali isiponata pamejazwa puti, yaani lipu ya kuficha kutu.

Halafu tazama puli ya chini, gurudumu la mkanda lililo kwenye ncha ya kranki, yaani mhimili mkuu wa injini. Yenye mianya 4 ni ya injini za mwanzo, ambazo ncha ya kranki ni fupi na ufunguo wake, kipande cha chuma kinachoishikilia puli isizunguke peke yake, ni mdogo. Bolti ikikazwa vibaya wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi (unaoiunganisha kranki na kamshafti, mhimili wa kufungua vali), ufunguo husagika, puli huyumba na injini hupoteza nguvu. Washa injini uiangalie puli ikizunguka: ikiyumba, acha gari hilo. Yenye mianya 8 haina tatizo hili.

Oili ikionekana nyuma ya injini, usikubali haraka kushusha gia boksi ili kubadilisha sili ya kranki. Mara nyingi inatoka juu, kwenye ringi ya mpira ya sensa ya kamshafti, na kuiweka mpya ni kazi ndogo.

ND ina cheni badala ya mkanda, kwa hiyo gharama ya kubadilisha mkanda hukwepwa. Udhaifu wake ni gia boksi za miaka ya mwanzo. Baadhi zilivunjika na kiwanda kikaziboresha mara kadhaa. Liendeshe hadi lipate moto, panda na kushuka kati ya gia ya 2 na ya 3 ukiwa na mzigo wa injini, na usikilize mlio wa kusaga. Mwaga pia oili kidogo ya gia boksi: chembe za chuma zinazong'aa zikiwa nyingi, bei ipungue kwa thamani ya gia boksi nzima.